Makubwa ya Indonesia: Moto, Bahari na Kenge wa Mita Tatu

Ua kubwa kuliko yote duniani huchanua Indonesia. Mjusi mkubwa kuliko wote yuko huko huko. Ziwa kubwa kuliko yote yaliyozaliwa na volkano, hekalu kubwa kuliko yote ya Kibudha, mlipuko wa volkano mkubwa kuliko wote walioushuhudia watu wakauandika, na mlio uliosikika mbali kuliko milio yote: vyote hivyo ni vya nchi hiyo moja. Nchi yenyewe pia ni rekodi, kwa sababu hakuna taifa la visiwa linaloifikia kwa ukubwa. Ina visiwa zaidi ya 17,000, vilivyojipanga juu ya ikweta kwa zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Sabang hadi Merauke. Umbali huo unazidi ule wa kuruka kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Accra. Wakazi wake wanapita milioni 280, na lugha zao ni zaidi ya 700. Kwa wingi wa lugha inazidiwa na jirani yake tu, Papua New Guinea.

Karibu rekodi zote hizi zimetokana na mambo mawili, moto wa chini ya ardhi na bahari. Bamba la ardhi linaloibeba Australia linasukumwa chini ya visiwa hivi mwaka hata mwaka, na matokeo yake ni volkano hai 127 ndani ya nchi moja. Bahari nayo imevitenga visiwa hivyo muda mrefu kiasi kwamba wanyama na mimea ilikua kwa namna isiyoonekana kwingine. Mtu wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuzitazama rekodi hizi kwa jicho la karibu. Baadhi yake zimetufikia mpaka mlangoni, kwa njia ya majivu, samaki, ngalawa na karafuu.

Ziwa lililotupa majivu hadi Nyasa

Ningeulizwa rekodi ipi iwe ya kwanza, ningeitaja Toba bila kusita. Ziwa hili liko kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lina urefu wa kilomita 100, upana wa kilomita 30 na kina kinachofikia mita 500. Hewa yake ni ya ubaridi, misonobari imeshuka mpaka ukingoni, na maji yake ni ya buluu iliyokolea. Mgeni asiyeelezwa historia yake atadhani amefika ziwa tulivu la milimani, basi.

Takribani miaka 74,000 iliyopita mahali hapa palilipuka. Ulikuwa mmoja wa milipuko mikubwa kuliko yote katika miaka milioni mbili iliyopita. Volkano ilitapika mawe na majivu mengi kiasi kwamba chumba cha uji wa moto kilichokuwa chini kilibaki kitupu, ardhi ya juu ikaporomoka ndani yake, na shimo likajaa maji ya mvua. Baadaye moto ule ule wa chini ulianza kusukuma tena. Sakafu ya ziwa ikainuka polepole mpaka ikachomoza juu ya maji, na leo ndiyo kisiwa cha Samosir, chenye zaidi ya kilomita za mraba 600. Watu wanalima mpunga na kufuga nyati juu ya ardhi iliyokuwa tope la chini ya ziwa.

Majivu ya Toba yalisafiri kuvuka Bahari ya Hindi. Mwaka 2013 wanasayansi waliokuwa wakichunguza tope lililochimbuliwa chini ya Ziwa Nyasa walitangaza kwamba wamekuta humo chembe ndogo mno za kioo cha volkano, na vipimo vikaonyesha kuwa zilitoka Toba, umbali wa kilomita 7,000 hivi. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito wa pili. Kwa miaka mingi wapo waliosema kwamba mlipuko wa Toba uliigubika dunia kwa baridi kali na nusura uwamalize binadamu wote. Lakini tope la Nyasa, juu na chini ya tabaka lile la majivu, halikuonyesha dalili ya baridi kubwa katika Afrika Mashariki. Ushahidi juu ya mlipuko wa Sumatra ulikuwa umehifadhiwa kwetu muda wote huo.

Wenyeji wa Toba ni Wabatak, Wakristo kwa sehemu kubwa, mashuhuri Indonesia nzima kwa uimbaji. Nyumba zao za jadi husimama juu ya nguzo, na mapaa yake yameinuka mbele na nyuma. Ukifika, kula samaki wa arsik. Hupikwa taratibu kwa manjano na andaliman, pilipili ya porini ya eneo hilo inayoufanya ulimi usisimke na kufa ganzi kidogo. Kutoka Medan ni saa nne au zaidi kwa gari mpaka Parapat, kisha unavuka kwa boti kwenda Tuktuk au Tomok. Ziko pia ndege zinazotua Silangit, karibu na ziwa.

Mlipuko na mlio

Tambora iko kisiwani Sumbawa, mashariki ya Bali na Lombok. Ililipuka Aprili 1815, na mpaka leo hakuna mlipuko ulioandikwa katika historia uliouzidi. Kabla ya hapo mlima ulikadiriwa kufikia mita 4,300. Ulipotulia ulikuwa umebaki na mita 2,850 hivi, na kileleni pamebaki kasoko yenye upana wa kilomita sita. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengine kwa moto na majivu, wengi zaidi kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Mwaka uliofuata, 1816, mavuno yaliharibika Ulaya na Marekani ya Kaskazini kwa sababu jua lilizibwa na ukungu wa salfa ulioenea angani, na huko New England theluji ilianguka mwezi Juni.

Kuna hasara moja ya Tambora ambayo haitajwi mara nyingi. Chini ya mlima huo waliishi watu waliokuwa na ufalme wao na lugha yao. Majivu yaliwafunika, na lugha ikaenda pamoja nao. Yamesalia maneno machache tu ambayo Wazungu waliyaorodhesha kabla ya maafa. Wapandaji wengi leo huanzia kijiji cha Pancasila na kulala njiani msituni. Nawasihi wanaokwenda wakumbuke kwamba mlima ule ni kaburi la watu wengi.

Krakatau haikuwa kubwa kama Tambora, lakini ndiyo yenye jina zaidi, kwa sababu mwaka 1883 tayari dunia ilikuwa na simu za maandishi na habari zilienea kwa siku chache. Asubuhi ya Agosti 27, kisiwa hicho kilichopo kwenye mlango wa bahari kati ya Java na Sumatra kilipasuka kwa kishindo kilichosikika mpaka Rodrigues, kisiwa cha nchi ya Mauritius, kilomita 4,800 kutoka hapo. Mkuu wa polisi wa Rodrigues aliandika kwamba amesikia kama mizinga ikipigwa baharini upande wa mashariki. Sauti hiyo ilikuwa imesafiri kwa saa nne hivi. Hakuna mlio mwingine katika kumbukumbu uliosikika kwa masikio mbali namna hiyo. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa tsunami iliyofagia pwani za Java na Sumatra kwa mawimbi yaliyopita mita 30.

Mwaka 1927 wavuvi waliona moshi ukitoka majini mahali pale pale, na volkano mpya ikajitokeza, ikaitwa Anak Krakatau, mtoto wa Krakatau. Desemba 22, 2018 ubavu wake mmoja uliporomoka baharini usiku na kuleta tsunami iliyoua watu zaidi ya 400. Boti za watalii hutoka pwani ya Java na ya Lampung kwenda kuitazama, lakini hali yake hubadilika. Kabla ya kulipia safari soma taarifa za idara ya volkano ya Indonesia, na ukiambiwa usikaribie, usikaribie.

Kuna rekodi nyingine ya moto inayostahili kupotezewa usingizi wa usiku mmoja. Ijen, mashariki mwa Java, ina ziwa kubwa kuliko yote duniani yenye asidi kali. Maji yake ya rangi ya kijani cha zumaridi yanaweza kula chuma. Kando ya ziwa hilo gesi ya salfa hutoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi hata 600, ikikutana na hewa inawaka, na moto wake ni wa buluu. Mwanga wa mchana huumeza, ndiyo maana watu huanza kupanda saa nane usiku kutoka Paltuding.

Gizani humo utawakuta watu walio kazini. Wachimbaji wamepitisha mabomba juu ya matundu ya gesi ili salfa ipoe na kudondoka. Inatoka nyekundu, ikiganda inakuwa ya manjano. Wanaivunja kwa mtaimbo, wanapakia kwenye vikapu viwili vya mzegazega, na kupanda navyo ukuta wa kasoko wakiwa na kilo 70 mpaka 90 mabegani. Wengi hujifunga kitambaa tu puani. Mabega ya waliokaa kazini miaka mingi yameota uvimbe mahali mti unapolalia. Njia ni nyembamba, na mtalii mwenye taa kichwani mara nyingi husimama katikati kupiga picha huku mtu mwenye mzigo akimsubiri. Mpishe kwanza, picha itangoja.

Kenge wa Komodo

Kenge tunamjua. Huiba mayai ya kuku na kukimbilia kichakani. Wa Komodo ni wa ukoo huo huo, ila anafikia urefu wa mita tatu. Aliyepimwa akawa mkubwa kuliko wote alikuwa na mita 3.13 na kilo 166, ikiwamo nyama iliyokuwa bado tumboni. Wa kawaida porini ana kilo 70 hadi 90, na hao wanatosha kumwangusha kulungu. Sayansi ilimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Anapatikana Komodo, Rinca, visiwa vichache vidogo na baadhi ya sehemu za pwani ya Flores, na hakuna mahali pengine duniani anapoishi porini. Idadi yao yote hukadiriwa kuwa 3,000 hivi.

Askari wa hifadhi hutembea na fimbo ndefu yenye panda mwishoni, na hiyo ndiyo silaha yake yote. Kenge amelala kivulini, tumbo chini, miguu imetandazwa, mate mazito yananing'inia. Kinachoonyesha kwamba yu macho ni ulimi wa manjano wenye ncha mbili, unaotoka, unayumba kushoto na kulia, unarudi ndani. Kwa ulimi huo anaonja hewa na kutambua mzoga ulio kilomita kadhaa kutoka alipo. Akiinuka, huinuka kwa ghafla, na hapo ndipo fimbo ya askari inaposhuka mbele ya pua yake.

Zamani ilisemekana anaua kwa uchafu wa mdomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ana tezi za sumu inayozuia damu kuganda na kushusha shinikizo la damu la mnyama aliyeumwa. Kwa mlo mmoja anaweza kumeza nyama inayokaribia asilimia 80 ya uzito wake. Watoto wake wanaijua tabia hiyo ya wakubwa. Wakitoka kwenye yai wanakimbilia juu ya miti na kukaa huko kwa miaka ya mwanzo, kwa sababu mkubwa akiwapata chini anawala.

Mwaka 2021 aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, hasa kwa kuwa bahari inayopanda inatishia mabonde ya chini anayoishi. Mji wa kuanzia safari ni Labuan Bajo, upande wa magharibi wa Flores. Hapo pamekuwa na mvutano wa kweli kati ya uhifadhi na riziki. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kiingilio cha rupia milioni 3.75, wafanyakazi wa utalii wakagoma, na mwisho mpango ukaachwa. Sisi tuliokulia katika nchi za hifadhi tunaijua hoja hiyo kwa pande zake zote mbili. Mimi naona wenyeji walikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya bei kutangazwa.

Ua, na mawe ya Borobudur

Rafflesia arnoldii ina maisha ya ajabu. Haina jani, haina shina, haina mizizi. Huishi ndani ya mzabibu wa porini kama nyuzi zisizoonekana, kisha siku moja chipukizi linatokeza, linachukua miezi kukua, na likifunuka linakuwa ua jekundu lenye madoa meupe, pana kama mita moja. Januari 2020 lilipimwa moja la sentimita 111 karibu na Maninjau, Sumatra Magharibi. Linadumu siku tano mpaka saba, likinuka nyama iliyooza ili kuwavuta nzi wanaolichavusha. Halina msimu wa kutegemewa. Huko Bengkulu na Sumatra Magharibi wenyeji huweka vibao barabarani likichanua. Simama, lipa ada ndogo wanayotoza, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayowafanya wasifyeke mzabibu.

Borobudur, Java ya Kati, ndilo hekalu kubwa kuliko yote ya Kibudha. Lilijengwa katika karne ya 8 na ya 9, enzi za wafalme wa Sailendra, kwa vipande vya mawe vinavyokadiriwa kuwa milioni mbili, bila chokaa ya kuviunganisha. Lina sanamu 504 za Buddha na michoro ya mawe 2,672. Juu kabisa kuna stupa 72, kuba za mawe zenye matundu, na ndani ya kila moja alikaa Buddha mmoja. Ukilizunguka kufuata michoro kwa mpangilio, sakafu baada ya sakafu, utakuwa umetembea kilomita kadhaa. Msitu na majivu ya volkano vililificha kwa karne nyingi mpaka lilipoanza kufyekewa mwaka 1814, na kazi kubwa ya kulikarabati, iliyosimamiwa na Indonesia pamoja na UNESCO, ilifanyika kati ya mwaka 1975 na 1983. Siku hizi wanaopanda juu wana kikomo cha idadi kwa siku, na huvalishwa ndara maalumu za kusuka zisizosugua mawe. Ni uamuzi mzuri, ingawa inabidi ukate tiketi mapema.

Watalii wengi hukimbilia juu kungojea jua lichomoze. Mimi ningekushauri utafute kwanza, katika ngazi za chini, mchoro wa jahazi. Limechongwa likiwa na matanga na mirengu pembeni. Mtu wa Mafia au Nungwi hatahitaji kuelezwa anachokiona, kwani ngalawa zetu zina mirengu hiyo hiyo, na wataalamu wengi wa vyombo vya bahari wanaamini ufundi huo uliletwa huku na mabaharia wa visiwa vile. Kwamba walivuka hakuna shaka. Madagascar ilipata watu kutoka Indonesia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na Kimalagasi ni ndugu wa lugha inayosemwa Borneo hadi leo. Mwaka 2003 kundi la mabaharia lilijenga chombo kwa kuufuata mchoro huo wa Borobudur, wakakiita Samudra Raksa, wakatoka Jakarta, wakapita Shelisheli, Madagascar na Cape Town, na Februari 2004 wakatia nanga Accra. Chombo chenyewe sasa kimewekwa katika makumbusho karibu na hekalu. Kwangu mimi chombo hicho kinashinda macheo yote ya Borobudur.

Bahari yenye samaki wengi kuliko zote

Raja Ampat, magharibi mwa Papua, ina aina nyingi za viumbe wa baharini kuliko sehemu yoyote iliyowahi kupimwa. Aina za matumbawe yake ni zaidi ya 500, karibu robo tatu ya zote zinazojulikana duniani. Aina za samaki wa miambani zimepita 1,400. Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Gerald Allen alizama mara moja tu mahali paitwapo Cape Kri na kuhesabu aina 374 kabla hajatoka majini. Ni mahali pa mbali na pa gharama, unaruka mpaka Sorong, kisha boti hadi Waisai. Mwaka 2025, baada ya kelele za wananchi, serikali ilifuta vibali vinne vya kuchimba nikeli katika visiwa hivyo. Kibali kimoja kimebaki, na macho yasiondolewe hapo.

Kaskazini mwa Sulawesi kuna habari nyingine inayotuhusu. Mwaka 1997 mwanabiolojia Mark Erdmann alikuwa katika soko la samaki la Manado na mkewe, wakiwa fungateni, wakaona samaki mkubwa wa magamba manene akisukumwa kwenye mkokoteni. Alikuwa silikanti. Samaki huyo alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosau, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye Ngazija na Nzuwani. Wa Manado alitambuliwa kuwa aina ya peke yake. Dunia nzima ina aina mbili tu za silikanti wanaojulikana kuwa hai, moja ya huko na moja ya kwetu, ambayo wavuvi wa Tanga walianza kuinasa kwa wingi katika jarife zao kuanzia mwaka 2003, hata ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Ilikotoka mikarafuu ya Unguja na Pemba

Ternate, Tidore, Moti, Makian, Bacan. Kwa karne nyingi karafuu zote zilizoliwa China, Uarabuni na Ulaya zilitoka katika visiwa hivi vidogo vya Maluku. Ternate ni mlima mmoja wa volkano uliozungukwa na barabara, unamaliza kuuzunguka kwa gari kwa muda usiofika saa mbili. Wadachi walipoishika biashara walikata mikarafuu kote isipokuwa walipopataka wao, ili bei isishuke. Juu ya Ternate ulinusurika mkarafuu mmoja ulioitwa Afo, ambao wenyeji waliuhesabu kuwa mzee kuliko mikarafuu yote duniani. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kutorosha miche kutoka Maluku hadi Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mche ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sayyid Said Unguja na Pemba zikageuka kuwa wauzaji wakubwa wa karafuu duniani.

Kisha mambo yakapinduka. Katikati ya karne ya 20 Indonesia, chimbuko la karafuu, ilikuwa mteja mkubwa wa Zanzibar, kwa sababu sigara zao za kretek huchanganywa na karafuu na mashamba yao hayakutosha. Walipopanda kwa wingi miaka ya 1970 wakajitosheleza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mzee wa Wete au Mkoani anaweza kukueleza miaka hiyo ilivyokuwa. Leo Indonesia inaongoza kwa kuzalisha karafuu na inaongoza kwa kuzitumia. Msimu wa mavuno ukifika, kandokando ya barabara za Ternate karafuu zimeanikwa juani, na wanawake wamekaa wakizichambua na kutoa makonyo. Harufu yake Mpemba ataitambua kabla hajashuka kwenye gari.

Kusini zaidi kuna Banda, visiwa vilivyokuwa chanzo pekee cha kungumanga duniani. Kimoja chao, Run, kina urefu wa kilomita tatu tu. Kwa mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waingereza waliwaachia Wadachi kisiwa hicho, na Wadachi wakawaachia Waingereza Manhattan.

Mengine kwa ufupi

Puncak Jaya, Papua, mita 4,884, ni kilele kirefu kuliko vyote vilivyo kisiwani. Kama Kilimanjaro, Kirinyaga na Rwenzori, kimekuwa na barafu jirani na ikweta, na kama huko kwetu barafu hiyo inaisha mbele ya macho. Katika pango la Leang Karampuang, Sulawesi, mchoro wa nguruwe na maumbo matatu yanayofanana na watu ulitangazwa mwaka 2024 kuwa na umri wa miaka isiyopungua 51,200, picha ya kale kuliko zote zilizokuwa zikijulikana zinazosimulia kisa. Jakarta, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2025, ndiyo sasa mji wenye watu wengi kuliko wote duniani, karibu milioni 42 pamoja na vitongoji vyake, na umeipita Tokyo. Treni ya Whoosh, kutoka Jakarta hadi Bandung kwa kilomita 350 kwa saa, ilikuwa ya kwanza ya kasi hiyo katika Asia ya Kusini Mashariki ilipozinduliwa Oktoba 2023.

Msikiti wa Istiqlal wa Jakarta, mkubwa kuliko yote katika Asia ya Kusini Mashariki, ulisanifiwa na Friedrich Silaban, Mbatak Mkristo aliyeshinda shindano la ramani, na ulifunguliwa mwaka 1978. Unatazamana na kanisa kuu la Kikatoliki ng'ambo ya barabara. Waumini wa pande zote mbili huazimana maegesho siku za sikukuu, na sasa wana njia ya chini ya ardhi inayoyaunganisha majengo yao.

Rekodi moja naomba uiruke. Ni ya kopi luwak, kahawa inayotajwa miongoni mwa ghali kuliko zote, inayotokana na buni zilizopita tumboni mwa mnyama wa jamii ya fungo. Zamani ziliokotwa msituni. Sasa wengi wa wanyama hao wamefungiwa kwenye vizimba vidogo na kulishwa buni peke yake ili watalii waonjeshwe. Kahawa ya kawaida ya Gayo au Toraja ni nzuri kuliko hiyo, na haimtesi kiumbe.

Anayepanga safari akumbuke kwamba visiwa hivi haviunganiki kirahisi, na anayetaka kuvimaliza kwa wiki mbili atamaliza viwanja vya ndege tu. Chagua eneo moja, mawili yakizidi. Kwa Komodo, Ijen na Borobudur nenda wakati wa kiangazi chao, Mei hadi Septemba. Kwa Raja Ampat, Oktoba hadi Aprili bahari ni shwari zaidi. Masharti ya viza yaulizie ubalozi wao, Dar es Salaam au Nairobi, kabla ya kukata tiketi. Na kwa atakayepata nafasi ya kwenda mara moja tu maishani, jibu langu ni Toba, kisha Ternate. Komodo wataisifu wengine.